Vigae vya Roma na Vigae vya Lualaba

Hapa Kindu, mvua kubwa ikikwisha kupiga, maji yanachimba njia zinazoteremka mutoni, na vigae vya vyungu vinaonekana katika udongo. Watoto wanavirusha vipate kurukaruka juu ya maji. Mama anayekwenda kuteka maji anavikanyaga. Hakuna mutu anayeinama kuviokota, kwa maana kigae ni kitu gani? Ni chungu kilichokwisha kazi yake.

Sisi wenyewe tulifikiri vile. Siku moja tulikuwa tunachimba shimo la takataka kando ya shamba la mihogo, si mbali na Lualaba. Shimo lilipofika magotini, jembe la mwenzetu mumoja liligonga kitu kigumu. Kilikuwa chungu, kimelala ubavu, shingo yake nzima, na mistari iliyochorwa imezunguka mabega yake. Tungaliweza kukitoa polepole kwa mikono. Lakini jua lilikuwa kali, na kazi ilipaswa kwisha mbele ya saa sita. Basi tulikipiga kwa jembe, tukacheka, tukatupa vipande pamoja na udongo.

Miaka ikapita. Kisha tulisoma namna watu wa elimu walivyochimba makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, juu ya muto huu huu wetu, na kicheko chetu kikageuka haya. Ndiyo maana tunataka kueleza hapa kazi ya kuchunguza vyungu vya kale: ilianza namna gani, inafanywa namna gani, na inatuhusu nini sisi watu wa Maniema.

Tuanze na hili la mwisho. Historia ya inchi yetu, kama tulivyofundishwa zamani, inaanza mwaka 1871, Livingstone alipofika Nyangwe. Cameron anafuata mwaka 1874, na mwaka 1876 ni Stanley pamoja na Tippu Tip. Mutu akisoma hivi anaweza kuzani kwamba mbele ya hao hakukuwa na mutu aliyepanda, aliyevua samaki, aliyezika baba yake kwa heshima. Wako waliotamka waziwazi kwamba inchi isiyo na maandiko ni inchi isiyo na historia. Neno kama lile halijibiwi kwa hasira. Linajibiwa kwa ushuhuda. Na ushuhuda tunao chini ya miguu yetu, ila tunaukanyaga.

Labda musomaji atasema: Warumi wana historia kwa sababu waliandika vitabu. Ni kweli, waliandika, na sisi tuliojifunza kilatini tumetoka jasho juu ya Cesar na Cicero. Lakini Cesar anatueleza vita, na Cicero anatueleza kesi za wakubwa. Nani atatueleza mafuta yaliyokaanga samaki ya mutu maskini yalitoka wapi? Nani atatuambia alikula katika bakuli gani? Hata kwa Warumi, vitabu vinanyamaza juu ya mambo mengi, na pale vinaponyamaza, kigae kinasema.

Katika muji wa Roma, karibu na muto Tiberi, kuna kilima kinachoitwa Monte Testaccio. Urefu wake ni kama metre 35. Kilima hiki si cha mawe wala cha udongo wa kawaida. Ni vigae vitupu. Mafuta ya zeituni yalikuja kwa mashua, mengi zaidi kutoka kusini mwa Hispania, yakiwa katika mitungi mikubwa inayoitwa amfora. Mutungi mumoja ulichukua kama litre 70. Mafuta yakikwisha kumiminwa, mutungi haukufaa tena, kwa maana mafuta yaliyobaki ndani yake yanaoza na kunuka. Basi ulivunjwa na kutupwa pale. Walifanya vile muda wa karne nyingi, hata jalala likawa mulima.

Kuanzia mwaka 1872 Mujeremani mumoja, Heinrich Dressel, aliinama juu ya vigae vile. Aliona kwamba juu ya mitungi mingi kuna maandiko ya wino: uzito wa mutungi, uzito wa mafuta, jina la mufanya biashara, na mara nyingine majina ya makonsuli wa mwaka ule. Tunajua kwamba Warumi walihesabu miaka yao kwa majina ya makonsuli. Basi mutungi wenye majina yale unajitaja wenyewe mwaka wake. Dressel alipanga pia maumbo ya mitungi katika ukurasa mumoja na kuyapa namba. Kazi hiyo ilitolewa mwaka 1899, na hata leo mutu akiokota kipande cha mutungi ule wa mafuta wa Hispania, katika Uingereza au katika Ujeremani, anasema tu: hii ni Dressel 20. Wenzake wote wanamuelewa.

Mujeremani mwingine, Hans Dragendorff, alifanya vile vile kwa vyombo vya mezani. Warumi walipenda sahani na bakuli nyekundu zinazong'aa, ambazo wachunguzi wanaziita terra sigillata. Za kwanza zenye sifa zilitoka Arezzo katika Italia. Baadaye wafinyanzi wa Gallia, inchi tunayoiita leo Ufaransa, waliiga kazi ile na kuishinda kwa wingi. Mara nyingi mufinyanzi alipiga jina lake chini ya chombo kwa muhuri. Mwaka 1895 Dragendorff alitoa andiko lake, na kila umbo akalipa namba.

Faida ya namba hizi ni nini? Tutoe mufano mumoja. Katika Pompei, muji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, wachimbaji walikuta shehena ya bakuli mupya zilizotoka Gallia, hazijatumiwa bado. Ndani yake mulikuwa na bakuli za namba 29 na za namba 37 pamoja. Namba 29 ni umbo la zamani zaidi, namba 37 ni umbo lililokuja kuchukua nafasi yake. Basi tunajua kwamba mwaka ule 79 yote mawili yalikuwa bado yanauzwa, moja likielekea kwisha na lingine likiwa linaanza. Mutu akichimba mahali pengine na kukuta namba 37 peke yake, bila namba 29 hata moja, anaweza kukisia kwamba mahali pale ni pa nyuma zaidi. Kigae hakina saa, lakini ukikiweka pamoja na ndugu zake kinakuonyesha saa.

Sasa tuseme namna kazi inavyofanywa. Si uchawi, na si lazima mutu awe amezaliwa Ulaya. Mama yeyote wa inchi yetu anayejua vyungu ameshika tayari nusu ya elimu hii. Umuonyeshe kipande cha mudomo wa chungu, atakuambia: hiki kilikuwa cha maji, maana shingo ni nyembamba ili maji yasimwagike, kile kilikuwa cha kupikia, maana mudomo ni mupana na masizi yameshika inje. Muchunguzi anauliza maswali yale yale, ila anayauliza kwa mupango na anaandika majibu.

Kwanza anatazama udongo wenyewe: ni laini au una muchanga? Mufinyanzi alichanganya nini ndani yake ili chungu kisipasuke motoni? Pili anatazama umbo: mudomo, shingo, bega, tumbo, kitako. Mudomo una thamani kuliko yote, kwa sababu kipande chake kidogo kinatosha kupima upana wa chungu kizima: unakilinganisha na duara zilizochorwa juu ya karatasi. Tatu anatazama mapambo: mistari iliyochorwa kwa kijiti, alama za kamba iliyobingirishwa juu ya udongo mubichi, vitone, rangi iliyopakwa. Inne anatazama moto: chungu kilichopata hewa nyingi kinakuwa chekundu, kilichonyimwa hewa kinakuwa cheusi. Kisha anachora kila kipande kama kwamba amekikata katikati kwa kisu, anahesabu, na anaweka vinavyofanana pamoja.

Lakini mbele ya maswali haya yote kuna moja linalotangulia: kililala wapi? Chini ya nini, juu ya nini, pamoja na nini? Udongo unajipanga kama kurasa za kitabu. Ukurasa wa chini uliandikwa kwanza. Kama kando ya kigae kuna makaa, leo makaa yale yanaweza kupimwa kwa karboni 14, njia ambayo Mumarekani Willard Libby aliitangaza mwaka 1949, na miaka ya chungu ikajulikana kwa kiasi. Kigae kilichotolewa bila kuandika mahali pake ni kama shahidi aliyeondolewa ulimi. Hapo ndipo kosa letu la shamba la mihogo lilipo. Kukivunja chungu ni hasara ndogo, kwa maana vigae vingetosha. Hasara kubwa ni kwamba tulichanganya kurasa, na hakuna mutu atakayezipanga tena.

Je, vyombo vya Roma vilifika upande wetu wa Afrika? Vilifika, lakini kwa njia ya bahari. Katika Ras Hafun, inchi ya Somalia, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta vigae vya zamani za Warumi, vilivyotoka upande wa bahari ya Mediterane. Na katika kisiwa cha Unguja, mahali panapoitwa Unguja Ukuu, Abdurahman Juma alikuta vigae vichache vya sahani nyekundu za karne ya 5 na ya 6. Sahani zile zilifinyangwa katika Afrika ya Kaskazini, katika inchi inayoitwa leo Tunisia, si mbali na inchi aliyozaliwa Mutakatifu Agostino. Karne nyingi wafinyanzi wa kule waliuza sahani zao pande zote za Mediterane, hata katika Roma yenyewe. Mwingereza John Hayes alizipanga kwa namba katika kitabu cha mwaka 1972. Basi mutu anayesema "vyombo vya Waroma" na kufikiri mikono ya Waroma tu, anakosea: nyingi za sahani walizolia Waroma wa siku za mwisho ni kazi ya mikono ya Afrika.

Hapo tunapata onyo kubwa la elimu hii. Kigae cha Tunisia katika Unguja hakionyeshi kwamba Muroma alikaa Unguja. Kinaonyesha kwamba chombo kilisafiri, labda mikononi mwa wachuuzi wengi mumoja nyuma ya mwingine. Vile vile bakuli za Gallia katika Pompei hazionyeshi kwamba Wagallia walishika muji ule. Chungu si kabila. Chungu kinauzwa, kinatolewa zawadi, kinaigwa. Na binti anayejua kufinyanga anaolewa mbali na anachukua ufundi wake pamoja naye. Mutu asitafute katika vigae haki ya kusema: inchi hii ni ya ukoo wangu, nyinyi ni wageni. Vigae havikuumbwa kwa kesi kama zile, na anayevilazimisha kusema vile anavifanya mashahidi wa uwongo.

Tutoke pwani sasa, turudi kwetu bara. Vyungu vya huku havina muhuri wa mufinyanzi wala jina la konsuli. Je, vinaweza kupangwa? Vilikwisha kupangwa. Mwaka 1948 Mary Leakey, bwana wake Louis Leakey na Askidiakoni Owen walieleza vyungu vya kale vya Kenya ya magharibi, ambavyo vingi vina kishimo kidogo chini ya kitako, kama kwamba mufinyanzi alibonyeza kwa kidole. Baadaye vyungu vya jamii ile vilitambuliwa katika Rwanda na katika Kivu, na leo vinaitwa vyungu vya Urewe, kwa jina la mahali pa Kenya. Vya kwanza vyao vimepita miaka 2.000. Tazameni: alama moja ya kidole imeunganisha inchi ambazo mipaka yetu imezitenga.

Na katika muto wetu wenyewe kuna Sanga. Maji yanayopita mbele ya Kindu yamekwisha kupita kwanza katika maziwa ya Upemba na Kisale, kule Katanga. Kando ya Kisale, mwaka 1957, Mubelgiji Jacques Nenquin alifunua makaburi mengi yaliyojaa vyungu. Mwaka 1958 Jean Hiernaux na wenzake waliendelea. Nenquin alivigawa vyungu katika mafungu matatu: fungu la Kisale, fungu la Mulongo, na fungu la vyungu vilivyopakwa rangi nyekundu. Mwaka 1974 na 1975 Pierre de Maret alichimba tena Sanga, akachimba na mahali pengine, kama Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Alitazama kaburi gani limekata kaburi gani, kwa maana linalokata ni la nyuma. Alipima makaa kwa karboni. Na mupango ukatengenezwa upya.

Mupango ule tunaweza kuusema kwa kifupi. Kwanza ni vyungu vya Kamilamba, kama katika karne ya 7. Kuanzia karne ya 8 wanafuata watu wa Kisale, na hata karne ya 13 ufundi wao ulistawi sana: chupa, bakuli, na hata majiko ya udongo ya kubebeka, yenye pembe tatu za kuegemeza chungu. Nyuma yao ni zamani zinazoitwa za Kabamba, kwa jina la ziwa jingine, ambapo makaburi yana misalaba midogo ya shaba, iliyozidi kuwa midogo na kufanana karne kwa karne, hata ikawa feza ya kununulia. Mwishoni vyungu vinafika kufanana na vile ambavyo Waluba walivifinyanga katika siku za babu zetu. Basi toka Kamilamba hata Waluba ni zaidi ya miaka 1.000, na hakuna ukurasa hata mumoja ulioandikwa kwa wino.

Na kurasa zile za udongo zinasema mambo makubwa. Makaburi mengine ni ya watoto, na yana mali nyingi. Mutoto hajafanya kazi wala vita. Basi heshima ile aliirizi kwa wazazi. Maana yake, kulikuwa na wakubwa na wadogo kwa kuzaliwa, na mutu anaweza kuona pale mwanzo wa ufalme. Shaba ilitoka kusini, na simbi za bahari ya Hindi zilifika hata Kisale. Yote hiyo mamia ya miaka mbele ya Livingstone kuona Nyangwe.

Tusizidishe maneno. Hatusemi kwamba watu wa Kisale ndio babu zetu wa Kindu. Muto ni mumoja, lakini karibu na Kongolo unabanwa kati ya mawe, mahali Wazungu walipopaita Mulango wa Jehanamu, na mashua haipiti. Historia ya Maniema haiwezi kuazimwa kutoka Katanga, kama vile historia ya Gallia haikuweza kuazimwa kutoka Roma. Ni lazima ichimbwe hapa. Sanga inatufundisha tu kwamba inawezekana. Na tena inatufundisha unyenyekevu: Nenquin alikuwa mutu hodari, lakini mafungu yake yalipangwa upya miaka 20 haijapita. Fungu ni kisanduku tulichokitengeneza sisi, wala si mufinyanzi aliyekitengeneza. Siku inakuja ambapo kigae kimoja hakiingii ndani, na hapo ni kisanduku kinachopaswa kubadilishwa, si kigae.

Sasa tufanye nini, sisi tusio na chombo cha kupima karboni? Ndugu wasomaji, mambo ni machache. Tukichimba musingi wa nyumba, kisima au choo, na jembe likigonga chungu, tusimame. Tusikitoe kwa haraka, wala tusikioshe. Tuandike siku, mahali, na kina kwa sentimetre. Tuandike kililala namna gani, na kama kuna makaa, mifupa au chuma pamoja nacho. Tuchore mudomo na mapambo. Kalamu na karatasi zinatosha. Tusikiuze kwa mupita njia, kwa sababu anayekinunua ananunua sura yake tu, na habari zake zinapotea. Wenye mamlaka wa mahali waarifiwe, na walimu wa historia, maana hata museo ya Lubumbashi ilijazwa na watu waliokubali kuinama. Na jambo jingine lisilongoja jembe: wako bado wamama wazee wanaofinyanga, na sufuria na ndoo za plastiki zinawaondolea kazi mwaka kwa mwaka. Tukae nao siku moja, tuulize jina la kila umbo, la kila alama, na la kila udongo. Mama yule akienda na majina yake, vigae vya kesho vitakuwa bubu mara mbili.

Sisi tulirudi kwenye shamba lile la mihogo. Shimo lilikuwa limekwisha kujazwa. Kandoni, katika udongo tuliotupa, tuliokota vigae kumi na viwili. Vitatu ni vya mudomo: tuliviweka juu ya duara, tukaona chungu kilikuwa na upana wa sentimetre 18. Masizi hakuna, basi labda kilikuwa cha maji. Mistari ya bega ni mitano, na mufinyanzi aliivuta kwa mukono usiotetemeka, ila mahali pamoja alianza tena, na mistari haikukutana sawasawa. Tumeandika hayo yote katika daftari. Mahali pa kuandika kina, na mahali pa kuandika "pamoja na nini", tumeacha patupu. Nafasi zile mbili ni sisi tulizifuta kwa jembe letu, asubuhi moja, tukicheka.